Bluetooth ya simu: kuiacha imewashwa au kuizima?

Mleta mada ameuliza kama ni salama kuiacha Bluetooth ya simu imewashwa kutwa nzima, kwa kuwa ameambiwa kwamba inamaliza chaji na kuwarahisishia kazi wadukuzi. Nimetumia vipokea sauti, saa na kibodi visivyo na waya kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu hoja ya kwanza imepitwa na wakati, ya pili ni kweli kwa masharti, na kero kubwa zaidi hakuitaja kabisa.

Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2010 lilipoleta mfumo wa kutumia nishati kidogo, kifaa kinachoutumia huweza kulala muda mwingi na kuamka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Simu yangu ikiishiwa chaji mapema, orodha ya matumizi ya betri hunionyesha skrini ikiwa juu kabisa, na Bluetooth ikiwa mkiani, kama imeonekana.

Kero ninayoisema ni sauti ya mazungumzo. Unaposikiliza muziki, sauti husafiri upande mmoja tu na ubora wake huridhisha. Mara unapopokea simu au kuingia kikao cha video, kipaza sauti cha vipokea sauti huwashwa, njia hiyohiyo hulazimika kubeba sauti ya kwenda na ya kurudi, na kila unachosikia huwa chembamba, kama kinatoka ndani ya kopo. Wapo wanaodhani kifaa ni kibovu. Kwenye kompyuta, mimi huchagua kipaza sauti cha kompyuta yenyewe na kuviachia vipokea sauti kazi ya kusikiliza tu, na ubora hurudi papo hapo.

Sauti kukatikakatika ni suala jingine. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi na jiko la maikrowevu huyatumia pia. Ili kukwepa msongamano, Bluetooth ya kawaida, yaani isiyo ya mfumo wa nishati kidogo, huruka kati ya chaneli 79 hadi mara 1,600 kwa sekunde. Kisichokwepeka ni mwili wako, kwa kuwa maji yaliyomo hunyonya mawimbi hayo. Simu ikiwa mfuko wa nyuma, sauti hukatika zaidi mahali pa wazi kuliko chumbani, ambako kuta huyarudisha mawimbi. Ihamishie mfuko wa mbele.

Kutuma faili hakuhitaji bando, lakini video ya megabaiti 100 huchukua zaidi ya dakika nne hata kwa kasi ya juu kabisa ya megabiti 3 kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti nane). Kwa mizigo ya aina hiyo, tumia Wi-Fi ya moja kwa moja kati ya simu na simu (Wi-Fi Direct).

Kuhusu wadukuzi, mwaka 2017 yalitangazwa mapengo ya usalama yaliyoitwa BlueBorne, ambayo yaliweza kumwingiza mshambuliaji aliye karibu bila mwenye simu kukubali chochote. Yalizibwa kwa masasisho, kwa hiyo simu inayoendelea kusasishwa naiacha imewashwa, na ile iliyoachwa na watengenezaji naizima kila nimalizapo. Hatari ninayoiona ikipuuzwa zaidi ni gari la kukodi: kataa ombi lake la kunakili majina na namba, na kabla ya kurudisha ufunguo ifute simu yako kwenye orodha ya gari, kwa sababu kulifuta gari kwenye simu peke yake huenda kusiondoe kilichokwisha kunakiliwa.