ECG safi haitoshi kusema mapigo ya moyo hayana shida

Mkuu, umesema moyo wa mkeo unaanza kwenda mbio ghafla, baada ya muda unatulia wenyewe, na kila mkifika hospitali ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo ya ultrasound) zinatoka safi. Sasa ameambiwa ni wasiwasi. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, hadi nikaandikiwa dawa za usingizi.

Eko inaangalia umbo: vyumba vinne, valvu, nguvu ya kusukuma damu. Moyo unaweza kuwa mzima kabisa kwa umbo, shida ikawa kwenye njia za umeme. Umeme huo huanzia nodi ya SA (kituo kinachoanzisha mapigo), juu kwenye atria ya kulia, husambaa atria zote mbili, yaani vyumba vya juu, hucheleweshwa kidogo kwenye nodi ya AV (kituo cha katikati) ili ventrikali, vyumba vya chini, zijae damu, ndipo ushuke chini. Baadhi yetu tuna njia mbili pale kwenye nodi ya AV, au njia ya ziada kati ya atria na ventrikali. Umeme ukishukia njia moja na kupandia nyingine, unazunguka humo humo na moyo unaufuata. Hiyo ndiyo SVT, mbio za moyo zinazotokea juu ya ventrikali: huanza ghafla, hukata ghafla.

ECG ya kawaida inarekodi kama sekunde 10 tu. Shambulio likishaisha, mara nyingi haikuti kitu.

Mimi lilinishika nikiwa kazini, na kituo cha afya cha jirani kilikuwa na mashine. Nesi hakuniambia nikate kadi kwanza; alinilaza, akanibandika elektrodi sita kifuani na nne mikononi na miguuni. Karatasi ikatoka na vilele vyembamba vimebanana, kutoka kimoja hadi kingine mraba mkubwa mmoja na nusu. Karatasi hupita miraba mikubwa 300 kwa dakika, kwa hiyo ukigawa 300 kwa hiyo moja na nusu unapata mapigo 200 kwa dakika. Daktari akanipa bomba la sindano nilipulize kwa nguvu sekunde 15 nikiwa nimeegemea, kisha wakanilaza chali haraka na kuninyanyua miguu. Mbio zikakata palepale. Karatasi ile ndiyo iliyomfanya bingwa wa moyo anisikilize.

Kwa hiyo likimwanza, mpeleke kituo chochote cha karibu chenye ECG, msisubiri miadi. Ombeni nakala na muipige picha, maana karatasi zile hufifia. Likija karibu kila siku, Holter (kifaa cha kuvaa kinachorekodi mapigo mfululizo) ya saa 24 au 48 itamsaidia. Likija mara moja kwa mwezi, huenda hiyo nayo ikatoka safi, basi ulizeni kifaa cha kuvaa muda mrefu zaidi. Apimwe pia wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo.

Mshike mapigo mkononi wakati huo. Yakiwa ya kasi lakini yamepangika, inaweza kuwa kama yangu. Yakiwa yamevurugika hovyo, huenda ni fibrilesheni ya atria, yaani atria zinatetemeka hovyo badala ya kupiga vizuri, na hiyo inaweza kugandisha damu moyoni ikaleta kiharusi, kwa hiyo mwambieni daktari mapema.

Akizimia, akibanwa kifua au akikosa pumzi, mkimbize dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.