Maswali ya Wasomaji: Gesi ya Kupasua Mwamba

Tangu tuandike kuhusu gesi ya Marekani inayotolewa kwa kupasua mwamba wa chini kwa maji ya presha, barua zimemiminika. Tumechukua nne zinazowakilisha nyingine. Jina la Kiingereza la kazi hii, fracking, kila msomaji kaliandika kivyake; sisi tutasema kupasua mwamba, maana ndicho kinachofanyika.

Ndugu Mhariri, kijana wangu kasoma mtandaoni kuwa kuchimba gesi kunatia sumu kwenye maji na kuleta matetemeko. Sisi Mnazi Bay ni jirani zetu. Je, na visima vile ni hivyo hivyo? – Msomaji, Mtwara

Sivyo. Gesi ya Mnazi Bay, kama ya Songosongo, imekaa kwenye mwamba wa mchanga. Kati ya chembe na chembe mna nafasi, na nafasi hizo zimeungana. Kisima kikifika, gesi inapanda kwa presha yake yenyewe.

Mwamba unaopasuliwa ni mwingine: tope la kale lililoshindiliwa likawa jiwe. Gesi imo tele, ila imefungiwa kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele mara elfu na zaidi, na havina njia ya kutokea. Ukitoboa kisima cha kawaida humo, kinachotoka hakilipi hata dizeli ya mashine.

Kwa hiyo wanatoboa wima hadi kilomita mbili hivi, kisha wanakunja kisima polepole kikalala ndani ya tabaka lenyewe, kilomita mbili tatu nyingine. Wanakivisha mabomba ya chuma, kesingi, na kujaza saruji kati ya chuma na mwamba. Halafu wanaanzia mwisho kabisa wa kisima: wanashusha baruti ndogo kwa waya, zinatoboa matundu kwenye chuma na saruji, kisha pampu zinasukuma maji hadi mwamba unapasuka. Presha huko juu hufika bari 600, zaidi ya mara 250 ya gurudumu la gari dogo. Wakimaliza kipande hicho wanaweka kizibo, wanarudi nyuma mita 60 hivi, wanaanza upya. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vipande 40.

Maji peke yake hayatoshi, kwa kuwa presha ikishushwa ufa unajifunga. Ndiyo maana yanachanganywa na mchanga: punje zinabaki ndani zimeshikilia ufa wazi, unene wa milimita chache au chini ya hapo. Kwa ujazo, maji na mchanga ni takriban asilimia 99 na nusu. Nusu iliyobaki ni dawa: ya kuyafanya maji yateleze, ya kuua bakteria, ya kuzuia magadi yasigande bombani, na asidi ya kusafishia matundu. Nusu asilimia inasikika ndogo. Lakini kisima kimoja hunywa lita milioni 15 hadi 40, kwa hiyo piga hesabu: nusu asilimia ya milioni 20 ni lita 100,000. Na kama maji hayo yanaletwa kwa maboza ya lita 10,000, ni safari 1,500 hadi 4,000 kwenye barabara ya kijiji.

Mbinu yenyewe si ngeni. Ilijaribiwa Kansas mwaka 1947. Kilichobadilisha mambo ni kampuni ya George Mitchell huko Texas, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 iligundua kuwa maji mepesi yenye kuteleza yanapasua mwamba wa tope vizuri kuliko uji mzito wa kemikali, tena kwa bei ndogo. Kukilaza kisima kukafuata, na gesi ikafurika.

Tumenunua nyumba kaunti ya Washington, Pennsylvania, na maji yetu ni ya kisima. Kampuni ya gesi imeleta karatasi ikitaka kuja kupima maji kabla ya kuanza kutoboa. Mume wangu anasema tusisaini chochote chao. Tufanye nini? – Mama wa watoto watatu

Dada, hapa mume wako anakosea, ingawa hofu yake tunaielewa. Waruhusuni wapime. Sheria ya jimbo lenu ya mwaka 2012 inasema kisima cha maji kilicho ndani ya futi 2,500 (mita 760 hivi) za kisima cha gesi, kikiharibika ndani ya miezi 12 baada ya kazi, kampuni ndiyo inayohesabiwa kuwa imesababisha, mpaka ithibitishe vinginevyo. Mojawapo ya njia zake za kujinasua ni kuonyesha kwamba mwenye nyumba aliwakatalia kupima. Msiwape njia hiyo.

Pamoja na hayo, pimeni wenyewe kwa maabara yenye kibali cha jimbo. Fundi wa maabara aje achote kwa mkono wake, maana chupa uliyojaza wewe jikoni haina nguvu mahakamani. Achote kwenye bomba lililo kabla ya chujio na kabla ya mashine ya kulainisha maji, baada ya kuyaacha yatiririke hadi yaliyolala bombani yaishe. Waambieni wapime methani (ndiyo gesi yenyewe) iliyoyeyuka, kloraidi, bariamu, strontiamu, bromaidi na jumla ya chumvi. Chumvi hizo ndizo alama ya maji yanayotoka kwenye mwamba wa chini, ambayo yanaweza kuwa na chumvi mara kadhaa ya bahari, pamoja na rediamu, madini yenye mionzi. Methani ikizidi miligramu 28 kwa lita, chukueni hatua mara moja: kisima kiwekewe kofia yenye bomba la kutolea hewa nje ya nyumba, kwani gesi ikikusanyika chumbani, cheche moja yatosha. Kati ya 10 na 28, rudieni kupima mara kwa mara. Na msishangae mkiikuta methani kabla hata ya mashine kufika. Pennsylvania ina gesi ya asili kwenye visima vingi, ndiyo maana kipimo cha kwanza ni dhahabu.

Wengi wanadhani ufa unapanda kutoka chini hadi kwenye maji yao. Kati ya mwamba wa Marcellus, yaani tabaka lenye gesi huko kwenu, na kisima chenu kuna jiwe la zaidi ya kilomita moja na nusu, ufa haufiki. Gesi hupitia pembeni ya chuma, pale saruji iliposhindwa. Bomba likiegemea upande mmoja wa shimo badala ya kushikiliwa katikati, saruji haipenyi upande ule mwembamba na tope la kutobolea linabaki humo. Au saruji inapata povu la gesi wakati inaganda, na povu linaacha mfereji. Fundi anatambua kwa geji ya nafasi kati ya kesingi na kesingi: anafungua valvu presha ishuke hadi sifuri, anafunga, anarudi kesho yake. Ikiwa imepanda tena, gesi inapita. Ombeni ripoti za kipimo hicho kwa idara ya mazingira ya jimbo.

Njia nyingine ni uzembe wa juu ya ardhi: bwawa la maji machafu lililochanika karatasi yake ya plastiki, mpira wa boza uliochomoka. Ripoti ya shirika la mazingira la Marekani ya mwaka 2016 ilitaja kumwagika, saruji mbovu na utupaji wa majitaka miongoni mwa njia ambazo maji ya kunywa yanaweza kuathirika.

Jambo la mwisho, hati ya nyumba. Ardhi na kilicho chini yake vinaweza kuwa vya watu wawili tofauti. Kama haki ya gesi ni yenu, sheria inawapa angalau asilimia 12.5 ya mapato ya gesi, lakini mahakama kuu ya jimbo iliamua mwaka 2010 kuwa kampuni inaweza kukata gharama za kusafirisha na kusafisha gesi kabla ya kugawa. Mwanasheria asome mkataba, na kipengele cha kukataza makato kiandikwe.

Je, ni kweli kupasua mwamba kunaleta tetemeko? – Mwanafunzi, Dodoma

Ni kweli, mara chache. Blackpool, Uingereza, kisima cha Preston New Road kilitikisa ardhi kwa kipimo cha 2.9 Agosti 2019, na Novemba serikali ikasimamisha kazi. Ila kesi kubwa ni Oklahoma, na kule mkosaji hakuwa ufa. Visima vya mafuta na gesi vilitoa maji ya chumvi kwa wingi mno, yakasukumwa kwenye visima vya kutupia majitaka vilivyofika karibu na mwamba wa msingi, wenye nyufa za kale. Presha ikaingia, nyufa zikateleza. Kabla ya 2009 jimbo lilipata tetemeko moja au mawili kwa mwaka ya kipimo cha 3 na kuendelea. Mwaka 2015 yalikaribia 900. La Pawnee, Septemba 2016, lilifika 5.8. Wasimamizi walipopunguza kiasi cha maji yanayosukumwa, idadi ikaporomoka.

Basi faida yake ni ipi? Na kuna uhusiano wowote na mvuke wetu wa Olkaria? – Msomaji, Nakuru

Faida ni makaa ya mawe kuachwa. Mwaka 2005 makaa yalizalisha karibu nusu ya umeme wa Marekani. 2023 yalikuwa chini ya moja ya tano, na gesi ilichukua sehemu kubwa ya pengo. Ikiungua, gesi hutoa takriban nusu ya hewa ukaa ya makaa kwa umeme ule ule. Sharti ni isivuje, maana methani hupasha dunia zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ndani ya miaka 20. Ikivuja asilimia tatu hivi njiani, nafuu yote imekwisha. Tena visima hivi vinachoka upesi: uzalishaji hushuka zaidi ya nusu mwaka wa kwanza, hivyo kuchoronga hakukomi.

Olkaria, Kenya, wanakozalisha umeme kwa joto la ardhini, mwamba una nyufa zake za Bonde la Ufa, mvuke unapita bila kulazimishwa. Penye joto lakini hapana nyufa, watu wanapasua: karibu na Milford, Utah, wanapasua mwamba mkavu wenye joto la zaidi ya nyuzi 200 ili maji yazunguke kati ya visima viwili. Pohang, Korea Kusini, walijaribu hivyo, na Novemba 2017 tetemeko la 5.4 likaujeruhi mji. Uchunguzi wa serikali uliotolewa 2019 ulisema maji yaliyosukumwa chini ndiyo yaliyoliamsha.