Kinachowatisha Wanachama Si Pombe

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akilalamika kwamba kikundi chao kimelikataa pendekezo lake la kuwatumia wajane fedha kwa M-Pesa badala ya kuwapelekea unga na mafuta ya kupikia. Namwelewa, kwa kuwa mimi nilipolitoa pendekezo hilohilo, mweka hazina wa chama chetu aliniuliza mbele ya wote kama nimetumwa na wauza pombe, na kicheko kilichofuata bado kinaniuma.

Hoja hiyo, kwamba fedha zitaishia kwenye pombe, ina jibu. Shirika la GiveDirectly lilipowatumia watu maskini wa Rarieda, kaunti ya Siaya, fedha kwa simu, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliyafuatilia matumizi yao, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe wala tumbaku, bali waliona familia zikila vizuri zaidi, zikinunua mifugo na kuezeka mabati. Nilisoma hayo kikaoni na hakuna aliyelegeza msimamo.

Ndipo nilipotambua kwamba pombe ni kisingizio. Unga hupigwa picha, mwenyekiti akishika upande mmoja wa mfuko na mama akishika mwingine, na picha hiyo hufika WhatsApp kabla gari halijawashwa. Fedha za simu humwachia mtoaji ujumbe wa uthibitisho peke yake. Tumehubiriwa tangu utotoni kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, lakini tunataka hata kamera ijue! (Wapokeaji nao husita: huko Homa Bay wengi walizikataa fedha za shirika hilohilo, kukiwa na uvumi kwamba ni za mashetani.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, usibishane nao kuhusu pombe. Sisi wachache tulichanga pembeni tukamtumia mama mmoja, ambaye kwake tulikuta unga wa vikundi vitatu umeingia wadudu, huku paa likivuja juu ya kitanda chake. Alimlipa fundi siku iliyofuata. Mweka hazina amekwenda kuliona paa hilo, na sasa anachanga, ingawa hajaniomba radhi.

Anza na mtu mmoja, kwa kiasi kidogo, kisha wapeleke wenzako wakajionee. Kabla ya kutuma, hakikisha laini imesajiliwa kwa jina la mama mwenyewe, kwani wazee wengi hutumia laini za watoto wao, na anayejua namba ya siri ndiye atakayezitoa fedha.