Je, Nimshukuru Mungu kwa Mguu Uliokatwa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza chakula karibu na soko la Tandika. Mwezi wa pili kijana wangu mwenye umri wa miaka 17 alipata ajali akiwa amepakiwa kwenye bodaboda katika Barabara ya Kilwa, na madaktari wakalazimika kumkata mguu chini ya goti. Sasa amerudi nyumbani na anajifunza kutembea kwa magongo. Wenzangu wa jumuiya wananihimiza nifanye ibada ya shukrani kwa kuwa imeandikwa "shukuruni kwa kila jambo", na mmoja wao ameniambia kwamba moyo usioshukuru hukausha mema yote. Wanataka pawe na turubai, viti na pilau, nami fedha zangu za kikoba ziliishia hospitali, kwa hiyo itanibidi nichukue mkopo wa kausha damu. Kusema kweli, kila nikimtazama mwanangu ulimi unakuwa mzito. Je, ninamkosea Mungu?
Mama wa Tandika

JIBU: Amina, mama yangu, na pole sana kwa yaliyompata kijana. Humkosei Mungu. Nitaanza na andiko lenyewe, kwa sababu nadhani neno moja dogo la Kiswahili limekuongezea mzigo. Katika 1 Wathesalonike 5:18 Paulo aliandika kwa Kiyunani "en panti", maana yake ikiwa "katika kila jambo", yaani katika hali yoyote ile mtakayokuwamo. "Kwa" yetu inabeba mambo mengi: mtu husafiri kwa basi, hulia kwa uchungu, hushukuru kwa zawadi. Ndiyo maana ukisoma "kwa kila jambo" unaweza kudhani kwamba unaagizwa kuupokea mguu uliokatwa kama zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Wathesalonike wenyewe walikuwa watu wenye mateso na misiba, na katika barua hiyo hiyo, sura ya 4, Paulo anawaandikia kuhusu ndugu zao waliofariki. Hawakatazi kuhuzunika, anawaomba wasihuzunike kama watu wasio na matumaini.

Najua wapo watakaokufungulia Waefeso 5:20, ambapo tunaambiwa tumshukuru Mungu sikuzote kwa mambo yote, na hapo Kiyunani kinasema kweli "kwa ajili ya yote". Sitalikwepa andiko hilo. Lakini aya chache kabla yake, katika 5:11, mtume huyo huyo anaagiza kwamba matendo ya giza yakemewe, na mtu hawezi kukemea jambo na papo hapo kulitolea shukrani. Ninavyoelewa mimi, "mambo yote" ya aya ile ni yale ambayo Mungu ametutendea katika Kristo, na hayo ni mengi kuliko tunavyoyahesabu. Mwendo wa kasi wa dereva aliyekuwa na haraka siuoni kuwa miongoni mwake.

Yohana 11 imenisaidia zaidi kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia, na yangu mwenyewe yamo humo. Katika aya ya 35 Yesu analia machozi karibu na kaburi la Lazaro, na katika aya ya 41 anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru". Ni mtu yule yule, siku ile ile, na hakuna mahali panaposema kwamba aliyajutia machozi yake kwanza ndipo akashukuru. Zaburi ya 13 inakwenda vivyo hivyo: inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini, na ndani ya aya sita tu inamaliza kwa wimbo. Sisi watu wa Pwani tunaujua mwendo huu katika salamu zetu za kila siku. Ukiulizwa habari za nyumbani, unajibu "nzuri, tunamshukuru Mungu, ila mtoto anaumwa", na hakuna anayekuona mnafiki. Shukrani inatangulia, kisha "ila" inafuata, na aliyeuliza anasogeza kiti asikilize. Mwambie Mungu sala yenye "ila" ndani yake: ninakushukuru kwa kuwa mwanangu anapumua, ila mguu huu unaniuma mimi kuliko unavyomuuma yeye.

Kuhusu turubai na pilau, nitasema wazi: usikope. Katika Walawi 7 sadaka ya shukrani ilikuwa chakula, na nyama yake ililazimika kuliwa siku ile ile bila kusazwa hata asubuhi, ilhali ile ya nadhiri iliruhusiwa kubaki hadi kesho yake. Mtu mmoja hawezi kummaliza ng'ombe kwa siku moja, hivyo shukrani ilimlazimu kualika wengine. Chakula hicho, hata hivyo, kilitoka katika zizi lake mwenyewe. Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya maskini, ya ndege wawili, na Luka anaiandika bila kuionea haya. Wewe kupika ndiyo kazi yako, mama. Siku utakayokuwa tayari, na si lazima iwe mwezi huu, ongeza maji kwenye sufuria ya chai, kaanga maandazi, uwaite wanajumuiya wakae kwenye mkeka, na kijana aombe akitaka. Wanaosisitiza turubai walichangie wao. Mimi ningemwambia hivyo mwenyekiti wa jumuiya, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka. Mkopo wenye marejesho ya kila siku utakufanya uichukie hata siku yenyewe ya shukrani.

SWALI: Katika usharika wetu majina ya waliotoa sadaka ya shukrani husomwa mbele ya ibada pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja. Je, ni sawa?
Msomaji wa Kigamboni

JIBU: Jina na sababu ya shukrani, ndiyo, kiasi, hapana. Wakoma waliotakaswa walikuwa kumi, na Msamaria aliyerudi alimtukuza Mungu kwa sauti kuu hadharani, kwa hiyo shukrani ya mbele za watu haina kosa. Luka ametuandikia sauti yake na jinsi alivyoanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, wala hakutaja senti. Waombeni wazee wa kanisa tarakimu zibaki kwenye daftari la mhazini.