Barua kwa Mwanangu: Zipu ya Stanley na Shati la Luteni

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaikum. Barua yako aliniletea mjomba wako Hamisi aliposhuka kwenye treni, pamoja na kile kitabu chenye jalada la bluu, nami nimevisoma vyote viwili, kitabu kwa siku nne na barua mara tatu. Umeniuliza kwa adabu, kama desturi yako unapokuwa na jambo gumu, kwamba unazipenda riwaya hizi za mapenzi za Uingereza ya zamani, za wanaume wawili wanaopendana, lakini ukishakifunga kitabu unajiuliza kama mwisho wao mwema si uongo, maana katika zama zile watu wa namna hiyo walinyongwa. Na je, inafaa mtu kuufurahia uongo kwa sababu tu umevishwa nguo za historia? Nitakujibu, lakini sina budi kuanza na habari ya shati.

Yule luteni wa kitabu chako, aliyerudi kutoka vita vya Waterloo na goti bovu, anasimama karibu na moto, na mpenzi wake, mfunga vitabu, anamfungua shati kifungo kimoja baada ya kingine, kutoka shingoni hadi kiunoni. Mwandishi ametumia ukurasa mzima kwa vifungo hivyo, nami nilivihesabu, navyo ni saba. Mwanangu, mwaka 1815 shati la Mwingereza halikuwa na vifungo saba mbele. Lilikuwa kama kanzu ya Ijumaa ya marehemu baba yako: lilipitishwa kichwani, likawa na mpasuo unaoishia kifuani na kifungo kimoja au viwili shingoni. Shati lenye vifungo hadi chini lilisajiliwa na kampuni moja ya London mwaka 1871, yaani mwaka uleule Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mpelelezi Livingstone, alipofika hapa kwetu, kwa hiyo mwandishi wako amemvua luteni shati ambalo lilikuwa bado miaka 56 kushonwa.

Na aliyepata hasara ni yeye mwenyewe. Shati la kupitisha kichwani, likivuliwa, humfunika mtu uso kwa kitambo kidogo sana, na katika kitambo hicho yeye hakuoni, wewe unamwona, mikono yake iko juu na mbavu zake ziko wazi. Nilimvua baba yako kanzu kila jioni katika miezi ile ya mwisho, ninajua ninachokisema. Mwandishi mwenye jicho angepata hapo jambo kubwa kuliko vifungo saba.

Utasema mama ameanza. Ndiyo, nimeanza, na sababu unaijua, ijapokuwa siku ile mdogo wako alikuwa na surua nawe ulikuwa umepelekwa kwa bibi yako Kasulu, kwa hiyo hukuliona kwa macho yako, umelisikia tu likichekwa sebuleni miaka yote hii. Shule moja hapa mjini iliamua kuigiza kukutana kwa Stanley na Livingstone, palepale penye mnara, mbele ya wageni wa mkoa, nami nikapewa kazi ya kushona. Stanley aliandika mwenyewe namna alivyomkuta yule mzee: kofia ya bluu yenye mkanda wa dhahabu uliofifia, kizibao chenye mikono myekundu, suruali ya kijivu. Nilivitafuta vyote. Mkanda wa kofia niliufifisha kwa kuuchovya katika chai ya rangi na kuuanika juani, nikauchovya tena, mpaka ukawa na sura ya kitu kilichotembea nchi nzima. Sijapata kushona kitu kilichonipendeza kuliko Livingstone yule.

Stanley nilimshona usiku wa mwisho. Nilimwambia mwalimu msimamizi kwamba sina vifungo vya kufaa, akanijibu kuwa hakuna atakayetazama suruali, watu watatazama kofia. Nikang'oa zipu ya shaba kwenye jaketi kuukuu la baba yako, nikaitia. Kesho yake kijana aliyekuwa Stanley akatembea kati ya watu waliopanga safu mbili, akavua kofia, uwanja wote ukanyamaza, akafungua kinywa kusema “Dr. Livingstone, nadhani?”, yale maneno ambayo kila mtoto wa Ujiji anayajua kabla ya kujua kusoma, na jua la saa nne likaigonga ile zipu. Akasimama fundi mmoja mzee, aliyeshona kanzu za nusu ya mji huu, akauliza kwa sauti ya sokoni, “Bwana Stanley, hiyo zipu umeinunua duka gani?” Watu wakacheka hadi wageni nao wakacheka, Livingstone wangu akacheka akashika ndevu zisidondoke, na mpaka mwisho hakuna aliyeisikia salamu yenyewe. Zipu tunayoitumia leo ilipata hataza yake Marekani mwaka 1917, wakati Stanley alikuwa ameshafariki miaka 13. Usiku uleule niliing'oa nikaweka vifungo vinne vya mfupa, ingawa nilijua hakuna atakayeivaa tena suruali ile. Ipo chini kabisa ya sanduku la bibi yako.

Ndipo nilipoanza kusema neno hili ambalo mmechoka kulisikia: anayenidanganya kwenye kifungo simwamini kwenye machozi.

Lakini nililia, Rehema, nami ni heri nikiri mwenyewe kabla Hamisi hajakwambia. Sikulia kwenye kufa kwa mtu wala kuachana, kwa sababu hakuna anayekufa. Nililia mahali padogo sana, mfunga vitabu anapofunga duka jioni akijua luteni atakuja, akavua koti lake na kulitundika kwenye kitasa cha mlango, kwa ndani, likaning'inia mbele ya tundu la ufunguo. Mwandishi haelezi kwa nini, anapita tu. Huyu ni yuleyule wa vifungo saba, na hapo hakukosea hata uzi mmoja.

Wewe unaijua sababu ya lile koti, kwa kuwa uliniandikia habari zake. Mwaka 1835 James Pratt na John Smith walinyongwa nje ya gereza la Newgate, London, na ushahidi mkubwa ulikuwa wa mwenye nyumba na mkewe waliochungulia kwenye tundu la ufunguo. Chumba hata hakikuwa chao. Kilipangwa na mzee mmoja aliyeitwa William Bonill, naye akahukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka 14 kwa sababu ya kuwapa nafasi. Hao wawili walikuwa wa mwisho kunyongwa Uingereza kwa kosa hilo, ingawa adhabu yenyewe, iliyowekwa na sheria ya Mfalme Henry wa Nane mwaka 1533, ilibaki vitabuni hadi 1861. Mimi niliyelea watoto katika nyumba ya vyumba sita na uwa mmoja, ambamo mtu akikohoa mpangaji wa tatu humwambia pole, sihitaji kuelezwa maana ya tundu la ufunguo.

Kwa hiyo nimekuwa nikishindana na nafsi yangu tangu Alhamisi. Ikiwa kifungo cha uongo kinabatilisha machozi, mbona machozi yangu hayakubatilika? Nimejaribu kujijibu kwamba shati ni nguo tu na koti lile ni hofu, na kwamba mwandishi wa habari za kale anaweza kusamehewa nguo lakini hawezi kusamehewa hofu. Halafu naikumbuka zipu, ambayo nayo ilikuwa nguo tu, na uwanja mzima ukaacha kumwona Stanley. Labda tofauti ni kwamba siku ile fundi mzee alikuwepo, na kwenye kitabu chako fundi ni mimi peke yangu.

Mengine ameyajua vizuri, na sitaki nionekane mchoyo wa sifa. Hakumtia luteni kinywani lile neno la kitaalamu la kuwaita watu wa aina yake, ambalo lilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, tena kwa Kijerumani. Mtu wa 1815 asingekuwa nalo, angekuwa na jina la dhambi au jina la kosa mahakamani, au angenyamaza. Barua zao nazo zimekunjwa zenyewe na kupigwa lakiri bila bahasha, na mfunga vitabu anaweka akiba ya sarafu kwenye kikombe kwa sababu kabla ya stempu ya 1840 aliyelipia barua kwa kawaida alikuwa mpokeaji. Mtu anayefunga vitabu kwa ujira ule, akalipa ili asome kwamba goti linauma na mvua inanyesha, huyo anapenda. Hapo sikuhitaji kuambiwa.

Sasa huo mwisho mwema. Unasema ni uongo kwa sababu kumbukumbu zote ulizosoma ni za kunyongwa, za kufungwa, za aibu. Mwanangu, mahakama huandika waliokamatwa. Aliyetundika koti vizuri miaka 40 hana jalada. Ukitaka kuijua Ujiji ya 1871 kwa kusoma waliyoandika wageni peke yake, utadhani hapa hapakuwa na mwanamke aliyecheka.

Tena wapo ambao habari zao tunazo. Mwaka 1895 mwandishi Oscar Wilde alifungwa miaka miwili na kazi ngumu kwa mambo hayohayo, kwa sheria ya 1885, na Uingereza nzima ikajua. Miaka mitatu tu baadaye, 1898, mtu mmoja aliyeitwa George Merrill, mtoto wa mitaa ya kimaskini ya Sheffield, akahamia nyumbani kwa mwandishi Edward Carpenter katika kijiji cha Millthorpe, wakakaa pamoja hadi Merrill alipofariki mwaka 1928. Miaka 30, na majirani wakiwaona. Mwandishi mwingine, E. M. Forster, aliwatembelea, na kutokana na ziara hiyo akaandika mwaka 1913 na 1914 riwaya ambayo aliishikilia kwamba lazima imalizike kwa heri, kisha akaificha hadi kufa kwake. Ikachapishwa mwaka 1971. Kwa hiyo aliyetunga mwisho mwema aliutungia mbele ya watu wawili waliokuwa wakiuishi, na bado akaogopa kuuonyesha.

Lakini ngoja. Carpenter alikuwa msomi aliyerithi fedha za baba yake, na nyumba ilikuwa yake. Pratt alikuwa mtumishi wa kutunza farasi, na Smith kibarua, na chumba kilikuwa cha kuazima. Usiniambie kwamba hilo si jambo. Mwisho mwema ulihitaji mlango ambao ufunguo wake unao mwenyewe, na nadhani mwandishi wako alilijua hilo, kwa maana amempa luteni nyumba ya urithi shambani ambako jirani wa karibu yuko maili mbili. Nilipofika hapo nilisema, huyu anajua kukata kitambaa. Kisha nikaudhika kwa ajili ya mfunga vitabu, ambaye ameacha duka lake na zana zake London ili awe salama katika nyumba ya mtu mwingine, na kitabu kinataka nifurahi. Nilifurahi, ila si kwa kiasi nilichoombwa.

Shangazi yako alikiona kitabu mezani akalitazama jalada kwa muda mrefu. Aliponiuliza kwa nini ninasoma mambo hayo nikamjibu kwamba kusoma habari za mwizi hakumfanyi mtu mwizi, naye akaridhika akanywa chai yake. Mimi sikuridhika. Mfano ule ulinikaa vibaya mdomoni tangu nilipoutoa, kwa sababu wale wawili hawakuiba kitu cha mtu, na nililitumia neno hilo kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Dini yangu unaijua na sijaihama. Sheria ya nchi nayo unaijua, na kwamba Kanuni ya Adhabu iliandikwa mwaka 1930 chini ya Waingereza haohao, ambao wao wenyewe waliilegeza ya kwao mwaka 1967. Siyaweki haya mezani ili nikuvutie upande wowote.

Ulitaka nikuambie kama inafaa. Nimeanza kuliandika jibu mara mbili, mara moja ndiyo na mara moja hapana, na mara zote mbili karatasi nimeichana, na sipendi, kwa maana unajua mimi si mtu wa kuacha pindo bila kulikunja. Ninaweza kusema tu kwamba ukurasa wa shati nimeuwekea alama ya penseli na kuandika pembeni “kichwani”, na ukurasa wa koti sikuugusa.

Kitabu nitakirudisha kwa mkono wa Hamisi akisafiri. Barua yako inasema kuna cha pili, cha dada yake luteni. Ukikipata, nitumie, ila kwanza kitazame wewe uone wamemvika nini.

Wasalimie wote hapo, na umwambie mume wako dawa ya kikohozi nimeipata.

Wasalaam,
Mama yako