Bendera nusu mlingoti inapandishwaje

Kaka umeuliza kama bendera yetu ya Tanzania ya nusu mlingoti unaipandisha tu mpaka katikati unafunga kamba basi, hapana, si hivyo. Unaipandisha kwanza mpaka juu kabisa kwenye kilele, inatulia kidogo, ndo unaishusha taratibu mpaka nusu. Na jioni ukiitoa hivohivo, inarudi juu kabisa kwanza halafu ndo inashuka mpaka chini, watu wengi hapa ndo wanakosea wanaivuta tu tokea nusu.

Na nusu mlingoti haiamuliwi na mtu mwenyewe, inasubiri serikali itangaze maombolezo, kama Rais mstaafu Mzee Mkapa alivyofariki Julai 2020 zikatangazwa siku 7, na Mzee Mwinyi, naye rais mstaafu, 2024 ikawa siku 7 pia. Sherehe kama Uhuru tarehe 9 Desemba au Muungano 26 Aprili inapepea juu kabisa.

Kitu kingine naomba sana watu wawe makini nacho, kijani kinakaa juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa nje. Nimeshaona kwenye sherehe moja bluu iko juu imegusana na mlingoti na watu wanapiga picha tu, iliniuma kweli, nikamwita kijana tukaishusha tukaigeuza. Isiguse chini, na ikichanika au kupauka tafuta nyingine, usiipandishe hivohivo eti sherehe ni ya siku moja.