Jaza kwanza kile ambacho faili haiwezi kukwambia

Msomaji anayetunza data za kijiografia za chuo kikuu ameuliza: achague kiwango kipi cha metadata, yaani cha kuandika maelezo kuhusu data: ISO 19115, FGDC au Dublin Core? Kamati yao inavutana juu ya hilo, na faili zinazidi kurundikana bila maelezo.

Kuhusu kiwango, jibu ni fupi. Dublin Core ina vipengele 15, na mfumo wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) hauna kipengele chake humo. Peke yake haitoshi. FGDC ni kiwango cha serikali ya Marekani cha miaka ya 1990: kipokee kikija na data, usianze nacho. Tunza rekodi kamili kwa ISO 19115, kisha toa humo rekodi nyepesi ya kutafutia, kwa mfano ya muundo wa Aardvark unaotumiwa na GeoBlacklight, programu ya kutafutia data za ramani. Usiende kinyume, maana kilichopunguzwa hakirudi.

Kazi yenyewe iko kwingine. ISO 19115 ina vipengele zaidi ya 400, na kamati inayotaka vyote hutoka na fomu ambayo mtafiti ataijaza vistari na nukta. Gawa mafungu mawili. Aina ya maumbo, idadi yake, majina ya safu, mipaka ya eneo na msimbo wa EPSG (namba inayotaja mfumo wa majiranukta) viko ndani ya faili. Acha programu ya GDAL au QGIS ivisome. Anayeviandika kwa mkono anajitafutia makosa. Fungu la pili ndilo la kumkalia mtafiti kooni kabla hajahitimu na kutoweka: data ilitoka wapi, ilichakatwaje, ilikusanywa lini, kila msimbo kwenye jedwali una maana gani, na nani ameruhusiwa kuitumia.

Usisahau kipimo cha ramani ya asili. Mstari wenye unene wa nusu milimita kwenye ramani ya 1:50,000 ni mita 25 ardhini. Hilo lisipoandikwa, kuna atakayeikuza kwenye skrini na kupima nayo upana wa barabara.

Balaa kubwa ni faili ya ramani ya .shp iliyopoteza .prj yake, faili ndogo inayotaja mfumo wa majiranukta. Namba zisizozidi 180 huenda ni digrii. Namba za malaki huenda ni mita za UTM, mfumo unaoonyesha mahali kwa mita. Lakini namba hazikuonyeshi datumu, yaani kielelezo cha umbo la dunia zilichopimiwa, na datumu ikikosewa data inaweza kusogea mamia ya mita huku ramani ikionekana safi kabisa. Watu hubandika EPSG:4326, msimbo wa digrii za datumu ya WGS 84, kwa mazoea ili rekodi ipite. Heri uandike "haijulikani", maana msimbo wa kubahatisha hakuna atakayeuhoji tena.

Mipaka ya eneo nayo ina mtego. Muundo wa faili wa GeoJSON huzipanga magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. ENVELOPE ya Solr, injini ya kutafutia, huzipanga magharibi, mashariki, kaskazini, kusini. Namba ni zilezile nne, na ukizichanganya, ramani inaangukia baharini. Weka ukaguzi wa kompyuta: latitudo isizidi 90 wala kushuka chini ya -90, na kusini isiipite kaskazini. Usikatae kila rekodi ambayo magharibi yake imeizidi mashariki. Huenda eneo limevuka meridiani ya 180.

Tarehe ziandikwe kwa ISO 8601 (mwaka, mwezi, siku), na utenganishe ya upimaji na ya uchapishaji. 03/04/2019 ni Machi au Aprili? Kwa mada, orodha ya ISO 19115 ya mwaka 2003 yenye makundi 19 inatosha kuanzia. Majina ya mahali yachukuliwe kutoka orodha moja, pamoja na namba zake za utambulisho, la sivyo mji mmoja utaingia kwa tahajia tatu.

Kabla ya kuitangaza fomu, chukua seti 20 zinazotofautiana: picha za satelaiti, ramani zilizoskaniwa, jedwali la GPS. Wape watu wawili wazijaze bila kushauriana, kisha linganisha. Kipengele walichojibu tofauti kina maelezo mabovu: yaandike upya, weka mfano mmoja sahihi na mmoja wa kosa, kisha uwape tena watu wengine wawili.